Mzee Aliyenipisha Njia

Watu wa kwetu wakisikia mzee ameanguka, wanasema "ni uzee," halafu wanauliza kama maharagi yameiva. Hiyo inanikasirisha mpaka leo. Uzee gani? Uzee hauna mikono ya kusukuma mtu. Mtu akianguka, kuna kitu alichokikanyaga, ao kitu ambacho hakukiona, ao goti lililokataa kazi. Mimi niliishi na mzee aliyekuwa anaanguka. Nilimwangalia kwa karibu kuliko nilivyoruhusiwa, na ninajua vitu vyote vilivyomwangusha. Kilichomwangusha vibaya zaidi kilikuwa heshima yake.

Mzee huyo alikuwa baba wa mume wangu. Jina lake silitaji, kwa sababu mkamwana hataji jina la baba mkwe, na nimezeeka na desturi hiyo mdomoni.

Nilitoka Itebero, huko msituni Walikale, miaka ya arobaini ikielekea kwisha. Nilikuja kuolewa milimani, juu ya Kingi, karibu na Masisi, katika familia ya Wakristo waliolima mlima ule tangu enzi za babu zao. Tulitembea mpaka miguu ikavimba. Nilipouona mlima wenyewe nilimwuliza mume wangu, "Hapa watu wanalima namna gani? Wanajifunga kamba?" Alicheka mpaka akakaa chini. Kwetu msituni mtu anajikwaa kwenye mzizi, anaanguka na kuinuka palepale. Kule juu mtu haanguki mara moja. Anaanza kuanguka, halafu anaendelea.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawaangaliani usoni, na hawasemezani. Nikimpelekea chakula, niliweka sahani juu ya jiwe mbele ya mlango wake, nikakohoa, nikaenda zangu. Yeye alingoja hatua zangu zipotee njo atoke. Kama alikuwa na neno la kuniambia, alimwambia mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mmoja jike aliyefungwa kando ya nyumba, mnyama mjinga kabisa, lakini alipitisha habari nyingi. "Wee mbuzi," mzee angesema, "waambie watu wa nyumba hii chumvi leo imezidi." Na mimi nikiwa jikoni ningejibu, "Mbuzi, uwaambie wanaolalamika kwamba chumvi ikiisha hawatapata nyingine mpaka soko." Nilimsikia akicheka kwa pua. Hivyo njo tulivyojuana, kupitia kwa mbuzi, na naweza kusema tulipendana.

Na kwenye njia, ilikuwa kazi. Njia za mlima ule ni nyembamba, mguu mmoja unafuata mwingine. Mkamwana na baba mkwe wakikutana, mmoja lazima atoke njiani, ageuze uso kwenye majani mpaka mwenzake apite. Kwa haki ni mimi mdogo niliyepaswa kutoka. Lakini mzee yule alikuwa na heshima mpaka inaudhi. Mwanamke mwenye mzigo, alisema, hatoki njiani. Akinisikia napanda na kitunga cha maharagi mgongoni, mukaba, ule mkanda wa kubebea mzigo, umenibana kwenye paji la uso, yeye ndiye aliyeshuka kwenye majani, akanipa mgongo, akasimama pale na fimbo yake mpaka nipite. Kijana akifanya hivyo ni adabu nzuri. Mtu ambaye macho yake yameingia ukungu mweupe, akifanya hivyo kwenye mteremko wa udongo uliolowa, mwenyewe unaona.

Mume wangu alichukuliwa kwa kazi ya machimbo, upande wa Walikale. Wakati ule mtu akiisha kuweka kidole kwenye kontra, ule mkataba wa kazi, harudi mpaka imalizike. Akitoroka, wanamfuata na kumfunga, na fimbo juu yake. Asubuhi ya kuondoka alipiga magoti mbele ya baba yake. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, nilisikia kila neno.

"Baba, ujitunze mpaka nirudi."

"Nitakungojea," mzee akasema. "Na utanikuta nimesimama."

Hakusema hivyo ovyo. Mume wangu aliwahi kunieleza. Mzee alipokuwa kijana alibebeshwa mizigo ya wazungu kwenye bega, milima na mabonde, mpaka goti lake moja likaharibika. Aliporudi nyumbani kutoka safari ndefu, alikuta baba yake amelala, hawezi kuinuka, anamwita kwa jina la mtu mwingine. Kitu hicho hakikumtoka rohoni. Mtoto wangu, alisema siku zote, hatanikuta nimelala. Nyumba yetu haikuwa na sala nyingine kubwa kuliko hiyo. Hata jioni, baada ya Baba Yetu, nilimsikia akiiongeza peke yake, polepole.

Halafu akaanza kuanguka.

Mara ya kwanza ilikuwa kizingiti. Mlango wake ulikuwa na gogo chini, la kuzuia maji ya mvua, amelivuka maisha yake yote. Siku hiyo mguu haukupanda vya kutosha. Nilisikia kishindo, nikatoka mbio, nikakuta amekwisha kukaa, anapangusa mikono. "Mbuzi," akasema, "umeona nini?" Mbuzi hakuwa ameona kitu, na mimi pia nilijifanya sikuona. Mara nyingine alikuwa amekaa juani muda mrefu, akainuka haraka kwa sababu mgeni amefika, kichwa kikazunguka, chini. Mara nyingine ilikuwa kamba ya mbuzi, imepita uwanjani na yeye haioni. Mara nyingine alikwenda haja usiku wa mvua. Na lile koti lake! Alikuwa na koti refu la askari, alilolinunua sokoni, linafika karibu na visigino. Akipanda, analikanyaga mwenyewe. Nilimwambia mbuzi mara nyingi kwamba koti hilo lingefaa kupunguzwa. Mbuzi aliniletea jibu kwamba koti la muntu halikatwi kama vile majani ya mugomba.

Na hakuwa peke yake, mjue. Ukiangalia vizuri, mlima ule ulikuwa umejaa wazee walioanguka. Mama mmoja jirani yetu aliteleza kwenye chemchemi na mtungi kichwani, tangu siku hiyo anatembea akishika ukuta. Mzee mwingine, ng'ambo ya bonde, alianguka akitoka kunywa kasiksi, watu wakacheka wakisema ni pombe, kumbe miguu yake ilikuwa imekufa ganzi muda mrefu na hakumwambia mtu. Kila nyumba ilikuwa na wake. Wengine walisema wamerogwa. Wengine walisema ni uzee. Hakuna aliyeondoa jiwe njiani.

Mimi nilikuwa na hasira ya mgeni, naona vitu ambavyo wenyewe wamezoea. Nikachukua shoka nikaling'oa lile gogo la mlangoni. Nikamhamisha mbuzi nyuma ya jiko. Nikamwaga majivu na changarawe kwenye uwanja uliokuwa unateleza. Nikamkatia fimbo mpya ndefu, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imelika chini na inamfanya ainame, nikaiegemeza kwenye jiwe la chakula. Mzee aliichukua. Kesho yake mbuzi aliambiwa kwamba fimbo ni nzuri.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho sikukiwezea. Ulikuwa woga. Baada ya kuanguka mara kadhaa alianza kukaa. Hakwenda tena kanisani Lushebere, hakwenda tena chini kwenye mihogo. Alisema anaitunza miguu mpaka mwanawe arudi. Na miguu haitunzwi hivyo! Ilikauka. Nilikuwa naiona chini ya koti, myembamba, na kila alipoinuka iliyumba zaidi. Nikamtuma mbuzi amwambie atembee kidogo kila siku, polepole, asubuhi kukiwa kumekauka. Alikubali. Akawa anatoka kila asubuhi kwenda hadi mpaka wa shamba na kurudi, njia ileile ambayo mimi napanda na mzigo.

Hapo njo Shangazi alipoleta akili yake. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa mzee, mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja, na alilinda desturi za nyumba ile kuliko askari anavyolinda gereza. Alikuwa ananiita "mutu wa pori" mbele ya wageni. Aliona jinsi mdogo wake anavyoshtuka nikitokea ghafla kwenye kona, anaruka majanini. Akaifungua kengele ndogo ya mbuzi, akanipa.

"Funga hii kiunoni. Atakusikia ukiwa mbali, atatoka njiani kwa nafasi yake."

"Shangazi, kwa nini asinipite tu? Njia inatosha, mimi nitageuka."

"Apite karibu na wewe mpaka koti likuguse? Kwenu porini njo vile munafanya?"

Nikafunga kengele. Nilipanda na kushuka mlima ule nikilia kama mbuzi. Wanawake wa shamba walinicheka mpaka wakachoka: "Mbuzi wa muzee huyo anakuja! Atazaa mapacha!" Nilicheka nao. Nilidhani afadhali kuchekwa.

Ilikuwa wakati wa kuvuna maharagi, na mvua ilikuwa bado haijaacha. Wanaume wote walikuwa wameitwa kwenye kazi ya barabara ya serikali. Nilikuwa napanda na kitunga kimejaa, kengele inalia kiunoni. Mwenye macho mazuri angeona kwamba bado niko mbali, chini kwenye migomba. Yeye hakuona, alisikia tu, na kule mlimani sauti inapanda kama vile iko karibu. Alifikiri nimekwisha kufika. Akaharakisha kunipisha. Niliinua macho chini ya mukaba, nikaona koti linageuka, fimbo inaruka juu, halafu majani tu.

Nilitupa mzigo. Maharagi yalimwagika mteremko mzima. Nilipofika alikuwa chini ya njia, amelalia ubavu, mguu mmoja umegeukia nje vibaya. Nilisimama juu yake, pumzi imekwisha, na kengele ya kijinga bado inalia.

"Simama palepale," akasema. Aligeuzia uso wake kwenye majani. Ilikuwa mara ya kwanza aseme na mimi bila mbuzi. "Usikaribie. Ita muntu."

"Muntu gani? Wanaume wote wako barabarani."

"Ita dada yangu."

"Dada yako hawezi kuinua hata sufuria!"

"Basi tungoje wanaume warudi."

"Na mvua? Huoni mvua ile inakuja?"

"Sioni," akasema. "Nasikia baridi yake tu."

Moyo wangu ulikatika. Alikuwa ananitetemekea pale chini, mtu mzima, mtu aliyelima mlima mzima, na alikuwa tayari kulala kwenye majani mpaka usiku ili mimi nisimguse. Nilikuwa na hasira na kengele, na Shangazi, na yeye mwenyewe, na kila mtu aliyetuwekea ukuta usioonekana na kuuita adabu. Niliivua kengele nikaitupa bondeni. Sijui ilianguka wapi, na sikuitafuta.

"Baba," nikasema, "unisamehe, ao usinisamehe. Nakuja."

Nilishuka. Nilipomgusa begani alitoa sauti kama mtu aliyechomwa, na haikuwa kwa maumivu. Nilimweka mgongoni, nikampitisha mukaba chini ya makalio, nikauvuta kwenye paji la uso kama ninavyobeba kuni. Alikuwa mwepesi. Hiyo njo iliyonitisha, jinsi alivyokuwa mwepesi. Alijifunika uso kwa kofia yake ili asione na asionekane. Nilianza kupanda, vidole vya miguu nimeving'ang'aniza kwenye udongo, maana tukianguka wawili ingekuwa mwisho. Kila hatua mguu wake ulining'inia na alikuwa anasaga meno sikioni mwangu.

Tulipofika katikati akasema ndani ya kofia, "Maharagi yako yatalowa."

"Yalowe!" nikamfokea.

Katika mlima ule hakuna mkamwana aliyewahi kumfokea baba mkwe.

"Kumbe uko na sauti," akasema.

Nikacheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko, na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Mvua ilitukuta kabla ya uwanja.

Shangazi alituona kutoka mlangoni kwake. Aliweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Amemubeba! Amemubeba mugongo!" Alilia kuliko kama angeniona nimebeba maiti. Jioni wazee wa ukoo wakaja, wamelowa, wametoka barabarani, na mwalimu wa dini pamoja nao. Walikaa wakaniweka nje ya mlango. Shangazi alitaka nirudishwe Itebero mpaka familia yangu ilete mbuzi wa kusafisha nyumba. Mwalimu wa dini alisema Mungu anaangalia moyo, lakini alisema kwa sauti ndogo, maana na yeye alikuwa na mkamwana. Walibishana. Mimi nilikuwa natetemeka kwa nguo mbichi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza mguu umekuwa namna gani.

Mzee alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha mianzi. Akawaita.

"Muniambie," akasema, "kabla ya leo, nani alinibeba mugongo?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni mama yangu tu. Hakuna mwingine. Basi huyu iko mama yangu. Mama na mutoto hawaoneane haya. Mwende mulale."

Na walikwenda. Shangazi alikwenda wa mwisho, alisimama mlangoni kwanza, halafu akaniletea nguo kavu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo mzee aliniita Mama, mbele ya watu wote, na mbuzi alipumzika.

Walimpeleka kwa kipoyi, machela ya kubeba mabegani, mpaka kwa muganga wa serikali, Masisi. Muganga aliuangalia ule mguu uliokuwa mfupi kuliko mwingine, akaubonyeza, mzee akauma mkono wa koti. Muganga akanivuta kando. Alisema ni mfupa wa nyonga, na kijana angeweza kulala mpaka uungane, lakini mzee akilala hivyo kifua kinajaa. Alisema kwa upole. Alitupa vidonge vya maumivu, tukarudi.

Nilimwosha, nikamgeuza, nikamlisha uji. Mwanzoni alifumba macho nikimwosha, baadaye aliacha. Alinihadithia mambo ambayo hakumwambia hata mbuzi: mama yake alivyokuwa akiimba akilima, na bega lake lilivyonuka damu wakati wa kubeba mizigo ya wazungu. Lakini kila asubuhi aliuliza kitu kilekile.

"Mama, njia iko na habari?"

"Bado, Baba."

"Akifika, mutanisimamisha."

"Utasimama namna gani na mguu huu?"

"Sikuulize namna gani. Nasema mutanisimamisha."

Nilituma neno kwa mchuuzi wa chumvi aliyekuwa anashuka Walikale: amwambie mume wangu baba yake ameanguka, aje kama anaweza. Nilijua hawezi. Kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kukoroma, kama muganga alivyosema.

Halafu asubuhi moja tukasikia kamio, lori la machimbo, chini barabarani, na haikupita. Daraja la miti lilikuwa limevunjika. Mtoto wa jirani akapiga kelele kutoka bondeni kwamba wafanyakazi wa machimbo wako chini, wanapelekwa Goma kushusha mashini, na mume wangu yumo, kapita, msimamizi wao, amempa ruhusa mpaka daraja litengenezwe, anapanda mbio.

Mzee alisikia. Alishika mkono wangu, na sikujua kwamba bado alikuwa na nguvu ile.

"Mama. Nisimamishe."

"Baba, akukute umelala, haiko kitu. Ni mutoto wako. Anajua umeanguka."

"Mimi nilimukuta wangu amelala." Alikuwa analia waziwazi. "Namuona mpaka leo. Kila nikifunga macho namuona vile. Huyu anarudi kwenye fimbo na mashimo. Asirudi na kitu hicho. Nakuomba, Mama."

Ungefanya nini? Nilimvika koti. Nikaupitisha ule mukaba wangu wa mzigo chini ya makwapa yake, ndani ya koti, ncha zote mbili zikatokea nyuma, kwenye mpasuo wa mgongoni. Mlango wake ulikuwa na mkeka ulioning'inia kama pazia. Nilimsimamisha mbele ya mkeka, mkono wake juu ya fimbo, bega moja kwenye nguzo, na mimi nikasimama nyuma ya mkeka, nimeshika ncha za mukaba kwa mikono miwili, goti langu chini ya makalio yake. Nilisikia uzito wake wote. Sasa hakuwa mwepesi.

Mume wangu akaingia uwanjani. Nilisikia miguu yake, nikaijua. Sikuwa nimemwona tangu asubuhi ile ya kontra. Alisimama ghafla.

"Baba," akasema. "Uko wima."

"Si nilikuambia?" Sauti ya mzee ilitoka nzito na nzuri, sijui aliitoa wapi.

"Waliniambia umeanguka."

"Nilianguka, nikainuka. Njo maisha ya mulima. Wewe unakula huko?"

Wakasalimiana hivyo, maneno ya kawaida, mihogo, mvua, nani amekufa, nani amezaa. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto. Jasho la mzee lilikuwa limelowesha koti na nililisikia kwenye vidole vyangu. Upande wa pili wa mkeka alikuwa mume wangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya jasho lake, na sikuweza kukohoa.

"Na muke wangu iko wapi?"

"Iko shambani," akasema mzee. "Anavuna."

Halafu mume wangu akasema kitu ambacho mwanamume wa kule hasemi mbele ya baba yake. "Basi mumwambie namushukuru. Mumwambie sana. Mumwambie najua iko na kazi nzito, na Mungu amupe nguvu, na mimi siku nikirudi nitamupunguzia muzigo."

"Tutamwambia."

Honi ya kamio ikalia chini. Ikalia tena.

"Nenda, mutoto wangu," akasema mzee. "Wanakuita."

Mume wangu alipiga magoti, nilisikia magoti yakigusa changarawe yangu, na mzee akaweka mkono juu ya kichwa chake akamwombea. Ulikuwa mkono wa fimbo. Wakati ule wote nilimshika peke yangu. Halafu miguu ikaondoka, polepole kwanza, halafu mbio.

"Amekwenda?" mzee akauliza.

"Amekwenda."

"Basi," akasema, na akaniangukia.

Alikufa kabla ya maharagi ya msimu uliofuata kutoa maua, kifua kikiwa kimejaa maji. Tulimzika karibu na mpaka wa shamba. Shangazi aliniruhusu kutembea mbele pamoja na watoto wa marehemu. Mume wangu hakuwepo. Habari ilimfikia huko machimboni, na kontra ilikuwa bado.

Aliporudi, tulikaa pamoja kwenye kaburi. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo. Nilijua lazima nimweleze, na sikujua kama nitamnyang'anya kitu kizuri alichobaki nacho. Nikaanza, "Ile siku ulipomkuta baba amesimama…"

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mukeka ule haufike chini. Niliona miguu yako." Alikuwa anachimba udongo kwa kijiti, haniangalii. "Sasa ulifikiri nilikuwa nasema na nani, maneno yale yote?"

Nikamwuliza kwa nini basi hakuingia, kwa nini hakumlaza baba yake chini, kwa nini alimwacha ateseke kusimama.

"Aliniambia nitamukuta amesimama," akasema. "Nami nilimukuta."

Akanieleza kwamba kwenye kamio alilia mpaka Sake. Wenzake wakamwuliza kama amekuta baba yake amekufa. Aliwaambia hapana, nimemukuta amesimama, na hawakuelewa kwa nini analia.